Msimamizi wa Ubatizo na Malezi ya Mfuasi wa Kristo

Kanuni ya 872 ya Sheria za Kanisa yataka kila anayebatizwa, kadiri iwezekanavyo, apewe msimamizi. Kazi yake haiishii kisimani: yampasa kumsaidia mbatizwa aishi maisha ya Kikristo yanayolingana na Ubatizo wake. Ndiyo maana kanuni ya 874 yadai awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki aliyekwisha pokea Kipaimara na Ekaristi Takatifu, mwenye kuishi imani. Wala baba au mama hawezi kushika nafasi hiyo.

Tena kanuni ya 893 yapendekeza msimamizi wa Ubatizo awe ndiye wa Kipaimara, ili mtu yule yule aendelee na malezi aliyoyaanza. Huko Buganda, mwaka 1886, Mtakatifu Karoli Lwanga aliwalea hivyo vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga; kifo kilipokaribia, aliwabatiza waliokuwa bado wakatekumeni, miongoni mwao Kizito.

Nasi tukimchagua msimamizi kwa kutazama zawadi atakayoleta (na desturi hiyo ipo, tusifichane), twamnyima mtoto haki yake. Afaaye ni yule atakayemwuliza kijana, akiwa kidato cha pili, kama bado anasali.