Si kitanzi, ni mpasho

Kuna orodha ya istilahi inayotaka tuseme “kitanzi cha mrejesho wa malalamiko”. Ndivyo wanavyoiita ile taarifa ambayo Yahoo au Microsoft humpelekea mtumaji wakati mteja wao anapobonyeza kitufe cha barua taka. Sijui waliopitisha jina hilo walikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Kitanzi ni tanzi dogo. Hunasa kanga porini, humnyonga mhukumiwa, hushika kifungo cha nguo, na katika kliniki ya uzazi wa mpango kila mama anajua kinawekwa wapi. Taarifa hii hainasi wala hainyongi. Hata kuzunguka haizunguki: ikimfikia mtumaji, safari imekwisha. Wengine wakaja na “marejesho ya malalamiko”, kana kwamba hawajawahi kukopa kwenye kikoba na kudaiwa marejesho.

Nilipendekeza mpasho mbele ya kamati ya istilahi, na sirudi nyuma. Mzizi ni -pata, uliozaa -pasha kama -pita ilivyozaa -pisha. Kumpasha mtu habari ni kumfanya aipate, awe ameiomba au hakuiomba. Bingwa mmoja, aliyenikatiza kikaoni nikiwa bado naeleza, alisema neno hilo ni la ukumbi wa taarabu. Hapo ndipo alipolisaidia! Mpashwaji wa taarabu hatajwi jina, ila hujijua. Huku anayefichwa ni mlalamikaji, kwani aghalabu anwani yake hufutwa. Mtumaji naye hujijua kwa barua yake mwenyewe, ambayo huambatishwa. Muundo wa mpasho, uliowekwa na waraka RFC 5965 mwaka 2010, una sehemu tatu: maelezo ya mtu kusoma, maelezo ya kompyuta kusoma, na barua yenyewe au vichwa vyake.

Wala mpasho haukosi mlango. Yahoo huupeleka kwa mwenye kikoa kilichoitia barua saini ya DKIM, akiwa amejiandikisha. Huko, barua isiyo na saini hiyo haina wa kupashwa.

Matumizi ni mepesi: “Tumepata mipasho, waondoeni hao orodhani.” Gmail haipashi barua mojamoja, huonyesha asilimia tu, na tangu 2024 inawataka watumaji wa barua nyingi wabaki chini ya 0.3. Hiyo iiteni takwimu.

Nasikia kamati itakaa tena. Safari hii wamwalike mtu anayezipokea taarifa zenyewe, na wamwache amalize sentensi.