Radare: namna vitu viwili vinatenganishwa pale sinyali ni fupi

Mutu mwenye kuwa na posti ya radio anajua shida hii: vituo viwili viko karibu-karibu kwenye frekansi, na posti inavichanganya. Muziki wa kimoja unaingia ndani ya habari za kingine. Radare iko na shida ileile. Lakini kwake, kuchanganya kunaweza kufanya ndege mbili zionekane moja, ao matawi ya mti yahesabiwe pamoja na udongo. Kwa zaidi ya miaka 50, wataalam wametengeneza hesabu zinazotenganisha frekansi ambazo njia ya kawaida inashindwa kutenganisha. Leo hesabu hizo zinatumiwa pia kupima misitu kutoka angani, na ndiyo sababu zinawahusu wakaaji wa mashariki ya Kongo.

Radare inasikiliza nini?

Radare inatuma mawimbi ya radio, yanagonga kitu, kisha yanarudi. Muda wa kwenda na kurudi unaonyesha umbali. Kama kitu kinakaribia, frekansi ya mawimbi yanayorudi inapanda kidogo. Kama kinaenda mbali, inashuka. Christian Doppler, mtaalam wa fizikia wa Austria, alieleza jambo hilo mwaka wa 1842. Kila mutu amekwisha kulisikia: lori likipita huku linapiga klakso, sauti inabadilika.

Tuseme radare inatumia gigahezi 10, ni kusema urefu wa wimbi ni sentimita 3. Kitu kinachokuja kwa mita 10 kwa sekunde kinabadilisha frekansi kwa hezi karibu 667. Kingine kinachokuja kwa mita 10.5 kinaibadilisha kwa hezi 700. Tofauti ni hezi 33 tu.

Muda wa kusikiliza

Mupiga gitaa anayelinganisha nyuzi mbili anajua: kama zimeachana sana, sikio linatambua mara moja. Kama zinakaribiana, inafaa kungoja mpaka sauti ianze kupanda na kushuka polepole. Kadiri tofauti ni ndogo, ndivyo inaomba kungoja zaidi.

Njia ya kawaida inatoka kwa Mfaransa Joseph Fourier, aliyetoa kitabu chake juu ya joto mwaka wa 1822. Mwaka wa 1965, Wamarekani James Cooley na John Tukey walitoa namna ya kuifanya haraka kwa komputa. Kanuni yake ni ileile ya gitaa: kwa kutenganisha hezi 33, inaomba kusikiliza karibu milisekunde 30. Lakini antene inayozunguka inaweza kukiona kitu kwa milisekunde 10 tu. Hapo, vitu vyenye kupishana kwa chini ya mita 1.5 kwa sekunde vinaonekana kama kilima kimoja kwenye ekra.

Hesabu ya Fourier haijui kitu chochote juu ya sinyali zaidi ya kile kilichosikiwa. Njia za ukali wa juu zinaongeza ujuzi: kwa mfano, kwamba ndani ya sinyali kuna sauti safi chache, na kinachobaki ni makelele, yale watu wa radio wanaita parazite.

Zilitoka kwa watu wa matetemeko

Wazo ni la zamani. Mwaka wa 1795, enjenia Mfaransa Gaspard de Prony alionyesha namna ya kupata sehemu chache zinazounda sinyali. Lakini kazi kubwa ilikuja na wachunguzi wa udongo. Mwaka wa 1967, John Burg alileta njia yake kutoka kazi ya kutafuta petroli. Mwaka wa 1969, Jack Capon alitoa ingine kwa mitambo ya Montana, Marekani, iliyosikiliza matetemeko ya inchi na milipuko ya nyuklia. Mwaka wa 1973 ilikuja ya Vladilen Pisarenko wa Urusi, naye mtu wa matetemeko.

Njia ya Capon inatengeneza chujio kwa kila frekansi: inaacha frekansi hiyo ipite bila kuguswa, na inapunguza zingine zote kadiri inavyowezekana.

MUSIC, iliyotolewa na Ralph Schmidt mwaka wa 1979, inageuza swali. Inagawa data mara mbili: upande wa sinyali na upande wa parazite. Kisha haiulizi ni frekansi gani iko na nguvu, inauliza ni gani haina hata alama moja ndani ya upande wa parazite. Hizo ndizo vitu vya kweli. ESPRIT, ya miaka ya 1980, inafikia jibu bila kujaribu frekansi moja kwa moja.

Bei yake

Ukali huo una bei. MUSIC inaomba kuambiwa mbele kuna vitu vingapi. Ukisema vitatu na kumbe viko viwili, inaweza kuonyesha kitu ambacho hakiko. Kama parazite ni nyingi, ao kama mawimbi mawili yanayorudi yanafanana kabisa kwa sababu moja iligonga ukuta kwanza, inaweza kudanganyika pia. Capon haiombi idadi, lakini ukali wake ni mdogo kuliko wa MUSIC.

Na msitu wa Kongo?

Tarehe 29 Aprili 2025, shirika la anga la Ulaya lilirusha sateliti Biomass. Radare yake inatumia wimbi la sentimita karibu 70, linalopenya majani na kufikia mashina na udongo. Katika sehemu ya kwanza ya kazi yake, inapita juu ya msitu uleule mara kadhaa, kila mara kwa njia iliyosogea kidogo. Kwenye hesabu, urefu wa kila tabaka la msitu unakuwa kama frekansi. Mapito ni machache, kwa hiyo ni sinyali fupi tena. Kwa kazi ya namna hii wataalam wanatumia mara nyingi Capon, kwani msitu haufanane na vitu viwili-vitatu vilivyoachana, jambo ambalo MUSIC inalitegemea.

Hii isichanganywe na picha za sateliti zilizofuata namna udongo ulisogea Goma kisha Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Zile zililinganisha picha za siku mbalimbali.

Kosa la hesabu angani linafika chini. Udongo ukichanganywa na matawi, uzito wa miti unakosewa, na kaboni inayohesabiwa pia. Ndiyo maana kuna watu wanaoingia msituni na kuzungusha mita kwenye shina, kama kwenye viwanja vya utafiti vya Yangambi, Jimbo la Tshopo. Mwenye kuletewa namba ya kaboni ya msitu wake anaweza kuuliza mambo matatu: sateliti ilipita mara ngapi, ni hesabu gani ilitumiwa, na ni nani alipima miti kwa mkono.