Miwa Isiyopimwa: Hesabu za Wakulima wa Mkataba wa Awendo

Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, ijulikanayo zaidi kwa jina la Sony, iliundwa mwaka 1976 na kiwanda chake kikajengwa Awendo, katika eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Mbali na shamba lake yenyewe, kampuni ilitegemea wakulima wa mkataba, yaani wenye mashamba madogo, mengine yasiyofika hata hekta moja, ambao waliahidi kuiuzia miwa yao, nayo ikawakopesha huduma ya kulima, mbegu na mbolea ili ijilipe kutoka kwenye mapato ya mavuno.

Mkataba wa kawaida ulidumu miaka 5, au hadi yavunwe mazao matatu: miwa ya kwanza, iliyotarajiwa kukomaa kwa takriban miezi 24, na mazao mawili ya machipukizi, yaani miwa inayoota upya kwenye visiki. Kila shamba lilikuwa na namba, na chini ya namba hiyo yaliandikwa ukubwa wake, bei ya pembejeo, uzito uliosomwa kwenye mizani na makato ya ukataji na usafirishaji.

Utaratibu huu ulikuwa hodari wa kuandika lililotendeka, lakini dhaifu mno mbele ya lisilotendeka. Trekta lililolima liliacha deni kitabuni na lori lililopita mizani liliacha stakabadhi, ilhali wakataji wasipotumwa hakukuwa na karatasi yoyote, na miwa ilikauka shambani huku deni likiendelea kusomeka. Kinyume chake kilitokea pia, hasa baada ya viwanda vya Ndhiwa na Transmara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010: kitabu kilionyesha miwa, na shamba lilikuwa tupu kwa sababu mavuno yalikwisha kuuzwa kwingine.

Programu za kompyuta zinazonunua na kuuza hisa zina ugonjwa huohuo, kwani programu inayodhani kwamba agizo limetimizwa kwa kuwa tu limetumwa huishia kuhesabu hisa ambazo mwenye programu hana. Soko la Hisa la Nairobi lilipoanza kuuza kwa mfumo wa kompyuta mwaka 2006, tayari kulikuwa na hifadhi kuu ya hisa, iliyoanza kazi mwaka 2004, yaani daftari la tatu ambalo hesabu za dalali na za mteja zingeweza kulinganishwa nalo.

Awendo haikuwa na daftari kama hilo, na kazi ya kulinganisha ikaziangukia mahakama za Rongo na Migori, ambako wakulima wengi waliishtaki kampuni kwa kutovuna. Ilibidi uzito wa miwa ambayo haikupita mizani ukadiriwe kwa wastani wa tani kwa hekta katika eneo husika, kisha uzidishwe kwa ukubwa wa shamba na bei ya tani. Hata tarehe ya kosa ilitafutwa kwa hesabu, kuanzia siku ya mkataba hadi muda wa kukomaa, kwa kuwa sheria humpa mdai wa mkataba miaka 6 tu. Katika baadhi ya hukumu, gharama za ukataji na usafirishaji zilikatwa pia kwenye fidia, kwa hoja, iliyo sahihi kisheria ingawa chungu kwa mkulima, kwamba angezilipa kama lori lingefika.