Zama za Sanduku la Bati

Januari ilipofika, basi la Arusha liliondoka Karatu alfajiri likiwa limejaa wanafunzi ndani na masanduku ya bati juu ya keria. Sanduku la buluu, la kijani, jeusi. Ubavuni jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe, mbele kufuli dogo. Ndani mlikuwa na mashuka mawili, mche wa sabuni, kandambili na mfuko wa bisi aliousindilia mama dakika ya mwisho. Basi liliteremka ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likimetameta upande wa kulia, likapita Mto wa Mbu na kuingia katika vumbi la kwenda Makuyuni. Hapo wengi walikuwa bado na siku nzima ya safari, wengine siku mbili au tatu.

Safari hiyo haikuepukika. Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu hadi ilipopata wilaya yake mwaka 1995, na Ngorongoro nayo ilihesabiwa kwa muda mrefu chini ya wilaya ya Wamasai hadi 1979. Shule za sekondari zilikuwa chache nchini kote. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari walikuwa 11,832, na waliofika kidato cha sita walikuwa 176 tu. Wanafunzi hao wote wangeenea kwenye uwanja mmoja wa mpira, na sehemu kubwa ya majukwaa ingebaki wazi. Mtoto wa nyanda za juu aliyechaguliwa aliifuata shule ilipo. Edward Moringe Sokoine, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alitoka Monduli akaenda Umbwe, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1956. Wilbrod Slaa, aliyekuja kuwa mbunge wa Karatu kwa miaka 15, alipitia seminari ya Dung'unyi, Singida, kisha Itaga, Tabora.

Mambo mawili yakaupanua mlango wa sekondari. Mwaka 1964 serikali ilifuta ada ya sekondari, na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa taifa. Bweni likawa mahali ambapo mtoto wa Rhotia, Karatu, analala kitanda cha juu na mtoto wa Mtwara analala cha chini.

Mtoto wa Karatu alifika huko akiwa na mzigo mwingine usioonekana kwenye keria: lugha. Eneo la Karatu lina Wairaqw wanaosema lugha ya Kikushi, Wadatoga na Wamasai wa Kiniloti, Wabantu waliohamia, na kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wenye lugha yao isiyofanana na nyingine yoyote. Ni sehemu chache sana barani Afrika ambako familia nne za lugha hukutana katika gulio moja. Kwa mtoto wa Kiiraqw, Kiswahili kilikuwa lugha ya shule ya msingi, na Kiingereza lugha ya tatu, ya kitabu na ya mtihani. Darasani angeweza kunyamaza miezi mitatu bila mtu kushtuka. Aliyemfungua mdomo, mara nyingi, hakuwa mwalimu. Ulikuwa mdahalo.

Jumamosi jioni, baada ya makande, madawati ya bwalo yaligeuzwa yatazamane. Mbele waliketi mwenyekiti, katibu na mtunza muda mwenye kengele. Upande mmoja wa kuunga mkono hoja, upande mwingine wa kupinga, wazungumzaji wakuu wawili wawili, kisha bwalo zima. Hoja zenyewe zinajulikana na kila aliyesoma enzi hizo: mkulima ni bora kuliko mfugaji, kijiji ni bora kuliko mji, elimu ni bora kuliko mali. Hoja ya mkulima na mfugaji ilipotajwa, macho yote yaliwageukia wa Karatu na Ngorongoro, maana kwao halikuwa zoezi la ufasaha. Mmoja alikuwa ameacha baba yake akilima ngano na mbaazi kwa plau ya ng'ombe. Mwingine ameacha kaka zake wakihamisha mifugo kwenda kwenye maji. Kijana aliyekuwa hajawahi kusema zaidi ya "ndiyo mwalimu" alijikuta amesimama, mkono juu, akipaza sauti: "Taarifa, mwenyekiti!"

Mdahalo ulikuwa na ukoo mrefu. Katika shule ya Tabora, miaka ya mwisho ya 1930, Julius Nyerere, rais wa baadaye, alikuwa mwanachama wa chama cha mdahalo na pia skauti. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa maelezo kwamba kijana yule alikuwa mpole mno. Alipofika Makerere mwaka 1943, alishiriki kuanzisha chama cha ustawi cha wanafunzi wa Tanganyika. Hatua kutoka bwalo la shule hadi jukwaa la siasa ilikuwa fupi kuliko inavyodhaniwa.

Machi 1967 likatoka andiko la Nyerere kuhusu elimu ya kujitegemea, na maisha ya bweni yakabadilika kuanzia mikononi. Shule ilitakiwa iwe jamii inayojilisha. Shamba la shule likapata kamati, kamati ikapata mwenyekiti na mweka hazina, na wanafunzi wakaanza kupiga hesabu ya mbegu na magunia. Hapo mtoto wa Karatu alikuwa mwalimu wa wenzake, kwa sababu ng'ombe wa kulimia alikuwa amemfahamu tangu utotoni. Mtoto wa boma la Kimasai ilimchukua muda; kwao jembe halikuwa kifaa cha heshima, na hapa lilikuwa linahesabiwa katika tathmini yake.

Pamoja na shamba yalikuja matawi ya Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na baada ya CCM kuzaliwa Februari 1977, ya chama kipya: mchakamchaka kabla ya jua, mikutano, gwaride. Yalidumu hadi mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992. Kwaya na ngoma zilikuwa za kila shule. Baraza la wanafunzi nalo lilikuwa na uzito wake halisi, hasa siku maharage yalipokuwa na wadudu wengi kuliko maharage. Kiranja wa chakula aliyesimama kati ya jiko na bwalo lenye njaa alijifunza upatanishi ambao hakuna somo linaloufundisha.

Lakini chama kilichowagusa watoto wa Karatu na Ngorongoro kwa namna ya pekee kilikuja baadaye. Kenya ilikuwa na klabu za wanyamapori shuleni tangu 1968. Tanzania ilianzisha za kwake mwaka 1980, Arusha ikiwa makao, zikaitwa Malihai. Jina limechaguliwa vizuri: mali iliyo hai. Mwaka mmoja kabla, UNESCO ilikuwa imeitia Ngorongoro katika orodha ya urithi wa dunia.

Wakati ulikuwa mgumu. Mtafiti John Goddard alipowatambua faru weusi wa kreta ya Ngorongoro mmoja mmoja katikati ya miaka ya 1960, alipata 108. Majangili wakaingia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 20. Wenyeji nao walikuwa na kidonda chao: familia zilizoishi ndani ya kreta ziliondolewa mwaka 1974, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima ya Ngorongoro. Klabu ya Malihai ilipowaambia wanafunzi wapende wanyama, mtoto wa Endulen, ndani ya hifadhi hiyo, alikuwa na haki ya kuuliza nani aliwalinda hapo kabla.

Humo klabuni, hata hivyo, ujuzi wake ulipata thamani. Aliyejua kutofautisha unyayo wa fisi na wa chui, aliyejua mti upi dawa na upi sumu kwa ndama, hakuwa tena mtoto wa porini anayechekwa bwenini. Alikuwa mtu wa kuulizwa. Naye mtoto wa mji wa Karatu, anayeishi umbali usiofika saa moja kutoka lango la Loduare la kuingia Ngorongoro na aliyekuwa ameona magari ya watalii yakipita mbele ya nyumba yao kila siku, mara nyingi alishuka kreta kwa mara ya kwanza akiwa mwanachama wa klabu, na daftari mkononi, akihesabu nyumbu. Kwamba alihitaji kuwa mwanachama ili aone kilicho jirani naye ni jambo la kusikitisha, na ni heri klabu ilikuwepo.

Mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliwapokea wanafunzi 12 kwenye baraza ya nyumba yake Dar es Salaam, na kutoka hapo ukaanza mtandao wa Roots & Shoots uliovuka mipaka. Malihai ilikuwa imetangulia kwa miaka 11.

Shule za kata zilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, safari ya Januari ilipungua sana. Watoto wengi wa Karatu sasa huenda sekondari kwa miguu na kurudi jioni, na mdahalo umehamia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa wa mbali wanawahi giza. Keria za mabasi hubeba zaidi vitunguu vya Mang'ola. Katika nyumba za Rhotia na Mbulumbulu, sanduku la bati liko uvunguni mwa kitanda, limejaa mbegu za maharage za msimu ujao, na ubavuni jina la mwanafunzi na namba ya bweni bado vinasomeka.