Kamituga: sosiete ilifunga, kazi ikabaki bila mshahara

Mtu akiitwa PDG huko Kamituga, ndugu msomaji, usitafute ofisi wala gari lake. PDG ni mwenye shimo. Ndiye anayetoa pesa, ananunua mbao na pampu, analisha vijana wake, halafu anangoja miezi mpaka mshipa wa dhahabu uonekane. Pengine hauonekani kabisa, na deni linabaki. Cheo hicho cha mkurugenzi mkuu kilitoka katika sosiete kubwa. Sosiete ilikufa, cheo kikachukuliwa na watu wa mashimo.

Leo tuangalie historia hiyo: watu wa Kamituga walipata kazi gani baada ya kampuni yao kufunga, na kazi hiyo iliwapunguzia nini.

Kamituga iko katika eneo la Mwenga, jimbo la Kivu ya Kusini, karibu kilometa 180 kutoka Bukavu. Wakati wa mvua, lori linaweza kulala njiani siku nyingi. Umbali huo una maana yake. Mfanyakazi wa mji mkubwa, kiwanda chake kikifungwa, anaweza kwenda kubisha kwenye mlango mwingine. Kamituga mlango ulikuwa mmoja.

Mlango huo ulifunguliwa na Wabelgiji. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, ambayo wazee wanaijua kwa herufi MGL, ilichimba dhahabu huku tangu wakati wa ukoloni. Mwaka 1976 kampuni tisa za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa moja, SOMINKI. Serikali ya Zaïre ilikuwa na hisa 28 kwa mia. Zilizobaki zilikuwa za wenye mtaji kutoka nje. Kamituga, Lugushwa, Namoya na Twangiza zilikuwa na dhahabu. Kalima, Punia na Lulingu zilitoa kasiteriti, yaani jiwe la bati.

Sosiete ilishika maisha yote. Kulikuwa na makambi ya wafanyakazi, hospitali, shule, na umeme wa maji wa Mungombe. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya sosiete, akasoma shule ya sosiete, na baba yake alitumaini ataingia kazini nyuma yake.

Kuanguka hakukuja siku moja. Mwezi wa 10 mwaka 1985, soko la bati la London lilisimama kwa sababu shirika la kimataifa lililokuwa linashikilia bei lilikosa pesa. Bei ikashuka vibaya sana. SOMINKI iliyokuwa inategemea bati ikabaki na dhahabu kama tegemeo, lakini hata hiyo haikuwa yake peke yake tena. Tangu 1982 Mobutu alikuwa ameruhusu raia kuchimba na kuuza madini. Sheria haikuwapa ruhusa ya kuingia katika mali ya kampuni, lakini usiku vijana waliingia.

Halafu pesa yenyewe ikafa. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaïre mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na mwaka uliofuata bei zilipanda kuliko wakati wowote. Mshahara uliopokelewa mwisho wa mwezi haukutosha tena chakula. Hapo ndipo kazi mpya ilipoanza, kabla hata kampuni haijafungwa. Mtu alikuwa mfanyakazi mchana, na usiku yeye au mtoto wake alikuwa shimoni.

Mwezi wa 2 mwaka 1997, vita vya AFDL vikiendelea, Kinshasa ilisaini mkataba na kampuni Banro ya Kanada. SOMINKI ikavunjwa, SAKIMA ikashika nafasi yake. Mwezi wa 5 Mobutu akaondoka. Mwezi wa 7 mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila akafuta mkataba huo, na mwezi uliofuata vita vingine vikaanza. Katika machafuko hayo nani angelipa hesabu ya mwisho ya wafanyakazi? Maelfu ya waliokuwa SOMINKI walidai haki hiyo miaka mingi. Wengine wamekufa wakiwa bado na karatasi zao sandukuni.

Basi watu walifanya nini? Walitumia ile tunayoiita Artikle 15: jitafutie mwenyewe. Wengine walilima muhogo na mpunga, wengine walifungua duka, wengine baadaye walipata pikipiki. Lakini wengi walirudi kwenye jiwe lile lile. Waliojua kusimamisha mbao ndani ya galeri, waliojua kufuata mshipa, waliojua baruti, ujuzi wao ulikuwa na bei. Walifundisha vijana ambao hawakuwahi kuona karatasi ya mshahara. Ndiyo maana mashimo yana vyeo kama vya kampuni: chini ya PDG kuna wakubwa wa kazi, watoboaji, wabebaji, na kila mmoja anajua sehemu yake katika mgao wa mawe.

Wamama nao walipata nafasi. Wanaitwa mama twangeze, kutoka neno letu kutwanga lililopewa mkia wa Kifaransa. Walikaa chini na kinu cha chuma, wakitwanga mawe kutwa nzima mpaka yawe unga, vumbi likiingia kifuani. Kwa kazi hiyo walilipia watoto shule. Halafu zikaja mashine za kusaga, zinazomaliza haraka kazi ya wanawake wengi. Kwa wamama hao, huo ulikuwa mfungo wa pili, na safari hii pia hapakuwa na hesabu ya mwisho.

Tuseme ukweli: shimo limelisha watu wengi kuliko sosiete ilivyolisha. Kamituga haikuwa kijiji kitupu baada ya 1997, iliendelea kukua. Lakini tofauti iko katika siku mbaya. Mfanyakazi wa SOMINKI akivunjika mguu alipelekwa hospitali ya kampuni. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua kubwa ilizamisha machimbo hapo Kamituga na watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Wajane wao wangeenda kudai kwa ofisi gani?

Hata sheria haikuwatambua vizuri. Kodi ya madini ya 2002 inataka mchimbaji awe na karata na achimbe katika zone iliyotengwa, na marekebisho ya 2018 yanamtaka awe ndani ya koperative. Lakini ardhi nyingi yenye dhahabu ilikuwa tayari chini ya hati za kampuni, maana Banro ilirudishiwa haki zake baada ya mapatano ya 2002. Na mwezi wa 9 mwaka 2010, rais Joseph Kabila alipopiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, miezi sita nzima familia zilikosa kipato bila mtu kuzilipa.

Kwa nini kukumbusha haya? Kwa sababu mwaka 2019 Banro nayo ilisimamisha kazi Twangiza na Namoya. Kampuni zitakuja tena na zitaondoka tena, kwani madini hayaoti kama muhogo.

Basi kabla kampuni mpya haijakata utepe, chama cha wafanyakazi na shirika la raia waulize mapema. Pesa ya hesabu ya mwisho itawekwa wapi, na nani anaishika? Umeme, hospitali na maji vitabaki kwa nani? Kila mfanyakazi atapewa cheti kinachotaja ujuzi wake, ili mahali pengine wasimhesabu kama mtu asiyejua kitu? Na je, wachimbaji wa mikono watatengewa zone yenye dhahabu kweli, au kilima kitupu? Majibu yaandikwe katika mkataba wa kampuni na jamii, na nakala ibaki mikononi mwa jamii. Wazee wa SOMINKI hawakuuliza wakati mlango ulikuwa wazi. Walipouliza, kampuni ilikuwa imekwisha kubadilisha jina.