Mshipi Mjeledi: Istilahi ya Uzito Katika Uvuvi wa Kapu

Aliyewahi kuvua kwa mshipi pwani anaijua kazi ya chubwi. Mkono ukirusha, hurusha kile kipande cha risasi. Mshipi na ndoano hufuata nyuma yake. Katika uvuvi ambao Waingereza waliupa jina la nzi, mambo ni kinyume. Chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoano ndogo, na hakina uzito wa kukifikisha mbali. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ni mnene, uzi wa ndani uliovikwa plastiki, na mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani kwa ufito, ukijikunja kitanzi na kujikunjua, hadi unyooke juu ya maji na chambo kitue mbele yake.

Ndiyo maana siridhiki na tafsiri ya "uvuvi wa nzi". Imeshika chambo ikaacha mshipi, na mshipi ndio unaofanya kazi. Kwa samaki kapu tafsiri hiyo inapotosha zaidi, kwa kuwa kapu hutafuta chakula chake kingi chini, kwenye tope: minyoo, tunutu wa kereng'ende, kamba wa maji baridi. Chambo kinachomfaa huiga viumbe hao, na nzi si mmoja wao. Napendekeza tuseme "uvuvi wa mjeledi", na mshipi wake tuuite "mshipi mjeledi". Mjeledi nao ni mnene kwenye mpini na mwembamba nchani, na nguvu ya mkono husafiri ndani yake kama kitanzi. Chambo chenyewe kiitwe chambo cha manyoya.

Jina la samaki halina taabu. Kapu ni chombo cha kubebea vitu, lakini upatanisho wa sarufi unatutenganishia: kapu lile liko sokoni, kapu yule yuko majini. Wasomaji wa Naivasha wanamfahamu. Aliingia ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika muda mfupi akawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa pale.

Istilahi inayowakwaza wengi ni ile ya uzito. Mvuvi wa mto South Platte, unaopita katikati ya jiji la Denver nchini Marekani, atasema anamvua kapu kwa "tano". Hiyo tano ni namba ya mshipi. Hupatikana kwa kupima uzito wa mita 9.1 za mwanzo, yaani futi 30. Mshipi namba 5 hukaribia gramu 9.1 katika urefu huo, gramu moja kwa kila mita. Namba 8 hufika gramu 13.6. Ufito namba 5, basi, ni ufito uliotengenezwa kuurusha mshipi huo. Namba haituambii ufito una uzito gani, wala utahimili samaki wa kilo ngapi. Kwa hiyo tuseme "namba", tuliache neno "uzito" kwenye maelezo.

Na tusiseme "uvuvi mwepesi". Kwa Kiswahili, kazi nyepesi ni kazi rahisi, na hii si rahisi hata kidogo. Zana ndizo nyepesi. Faida yake huonekana kwenye maji machache yaliyotulia, ambako kapu husikia vizuri mno: vifupa vidogo huunganisha kibofu chake cha hewa na sikio, na mshipi mzito ukianguka kwa kishindo atatoweka. Mshipi namba 5 hutua taratibu. Mvuvi hukiweka chambo mbele ya samaki anayemwona, kisha humtazama. Kapu hufyonza chakula na, akikishuku, hukitema upesi. Mara nyingi dalili pekee ni kichwa kugeuka kidogo. Hapo ndipo pa kukaza.

Kati ya mshipi na chambo huwa kuna uzi mwembamba wa nailoni, na kipande chake cha mwisho huweza kuwa na kipenyo cha milimita 0.20 tu. Huo ndio hukatika. Kapu akikimbia, mvuvi auachie mshipi utoke kwenye kigurudumu, wala asishindane naye kwa mkono. Lakini pambano likirefuka sana samaki huchoka kupita kiasi, na anayekusudia kumrudisha majini hana budi kulifikiria hilo kabla ya kuchagua zana. Kwa kapu wa kilo mbili, siku isiyo na upepo, namba 5 inatosha. Wakiwa wa kilo tano au zaidi, au upepo ukivuma, ningechukua namba 7.