Haki ya Maji na Taka za Njiani: Kilosa na Mikumi

Jani la mkonge likipitishwa katika korona hutoa singa chache mno: katika kila ratili 100 za majani hupatikana kama 4 au 5 tu. Zilizosalia ni makapi na maji makali, nayo maji hayo yakimiminwa mtoni huoza, yakawanyima samaki hewa. Kwa hiyo habari za sheria ya taka katika Kilosa, wilaya ya mto Mkondoa na ya mashamba ya mkonge ya Kimamba, hazina budi kuanzia majini.

Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 ilimpa mwenye kiwanda haki ya maji kwa sharti kwamba ayarudishe mtoni bila ya kuyachafua kiasi cha kudhuru. Sharti jema, lakini kiasi hicho ni kipi? Vipimo havikuandikwa mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1981. Kwa miaka 7 neno hilo "kudhuru" lilikuwa mizani isiyo na mawe. Tena halmashauri za wilaya zilikwisha vunjwa mwaka 1972, zisirudi mpaka 1984. Taka za mji zikawa mikononi mwa watumishi wa serikali kuu, wasiochaguliwa na wakazi walioivuta harufu yake. Baraza la Taifa la mazingira liliundwa kwa sheria ya 1983, lakini lilikuwa mshauri tu. Uwezo wa kukagua na kushitaki lilikuja kupewa na sheria ya 2004.

Sheria zote hizo zilimtafuta mchafuzi mwenye makao: kiwanda hakihami usiku. Mikumi mambo ni mengine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia yaikata kwa kadiri ya kilomita 50. Abiria akitupa ganda au chupa dirishani, basi limekwisha kwenda zake kabla askari hajainama kuiokota. Nyani ndio wa kwanza kupokea. Hujizoeza kungoja kando ya lami, na wengine hugongwa papo hapo.

Katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza tarehe 1 Juni 2019 chini ya sheria ile ya 2004, lilishika njia nyingine. Halikumvizia mtupaji peke yake. Lilianzia kwa mtengenezaji, mwagizaji na muuzaji, mfuko ukakamatwa dukani kabla haujapanda basi. Badiliko hili ni kubwa kuliko lidhaniwavyo na wanaolisifu kwa unadhifu wa macho tu. Chupa za maji hazikuwamo katika katazo hilo, nazo huuzwa kwa abiria katika mji wa Mikumi, mpakani mwa hifadhi.